Mafuta ya Mchaichai na Mashilingi ya Mama

Mama yangu alikuja Makambako siku ya tatu baada ya binti yangu kuzaliwa. Alikaa siku mbili, akapika, akafua, akafagia uwanja wote, kisha akaondoka bila kumgusa mtoto. Si kwamba hakumtazama. Alimtazama sana, akiwa amesimama mlangoni na mikono ameificha chini ya kitenge. Mke wangu alipomnyooshea mtoto, Mama alirudi nyuma nusu hatua akasema mikono yake ina baridi, atamshika baadaye. Hiyo baadaye haikufika. Aliaga asubuhi, akapanda gari la Njombe ili ashukie njia ya Kichiwa, kijijini kwake, na kile kitenge kipya alichokuja nacho cha kumbebea mjukuu akakiacha juu ya kiti, kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani.

Mtoto amechukua jina lake. Katika ukoo wetu, bibi mwenye jina ndiye humfunga mtoto mgongoni mara ya kwanza na kumzungusha nyumba mzunguko mmoja. Baada ya hapo ndipo mama mzazi na wengine humbeba. Jambo hilo huchukua dakika tano, na sijawahi kusikia bibi aliyelikataa. Mke wangu, ambaye kwao hawana desturi hiyo, aliishika kuliko mimi. Alisema hatamfunga binti yetu mgongoni mpaka bibi yake amfunge. Alikwenda sokoni na mtoto mkononi, akapika kwa mkono mmoja, na majirani walipomuuliza kama mgongo unamuuma, alijibu kwamba mgongo ni mzima, anamsubiri mwenye jina.

Kwangu mimi alisema jambo jingine. Alisema mama yangu hampendi yeye, mkwewe.

Mimi si mtu wa kutulia. Nikikaa kwenye kiti dakika kumi, mguu mmoja huanza kucheza wenyewe, na jambo likinisumbua hulala na mimi na kuamka na mimi. Wiki ile ile niliwasha pikipiki nikaenda Kichiwa kumuuliza Mama ana nini. Nilimkuta kwenye karo akiosha vyombo, mikono ya sweta ameipandisha, na kabla hajanisikia nikaona. Mkono wa kushoto, kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, ulikuwa umejaa mashilingi. Miduara juu ya miduara, kingo zake nyekundu, katikati ngozi imepauka. Aliponiona alishusha sweta juu ya mikono iliyolowa.

Nilicheka kwa kufarijika. Kumbe ni fangasi tu. Nilimwambia kama ni hilo, basi amezaa mtu sahihi.

Nina duka la dawa muhimu karibu na stendi, upande ambao malori yanayotoka Tunduma huegesha. Watu wa Makambako wakimwona mtu amesimama nyuma ya kaunta yenye dawa humwita daktari, na mimi sikuwahi kumsahihisha yeyote. Kwa fangasi nilikuwa na krimu moja ninayoiamini kuliko zote. Ina dawa tatu ndani yake: moja ya fangasi, nyingine ya bakteria, na ya tatu ni ile inayozima mwasho haraka. Dereva anapaka leo, kesho kutwa amesahau kama aliwahi kujikuna. Nilikuwa nawapa na maelekezo yangu, kwa sauti ya mtu anayejua: ikitulia acha, tunza iliyobaki, itakufaa siku nyingine. Mama nilikuwa namtumia tyubu za krimu hiyo tangu zamani, kwa mtu yeyote anayepita njia ya Kichiwa. Ukiwa na mwana mwenye duka la dawa, huwezi kukosa dawa. Siku ile nilimwachia nyingine.

Baada ya wiki mbili mkono ulikuwa vilevile. Nilimletea krimu nyingine, kisha vidonge. Mkono ulitulia kidogo, ukarudi na kingo mpya, umepanda juu ya kiwiko. Katika siku hizo hizo dereva mmoja, mteja wangu wa muda mrefu, aliingia dukani, akapandisha fulana bila hata kusalimia, akanionyesha kiuno. Mashilingi yalikuwa yamemzunguka kama mkanda. Nilinyoosha mkono kwenye rafu ileile niliyoizoea.

"Hiyo iache," alisema. "Hiyo ya kwako siku hizi ni maji."

Alisema bila ugomvi, akanunua dawa ya kichwa akaondoka. Mimi nilibaki nimeshika tyubu. Nilisoma maandishi yote ya kwenye boksi, yale madogo ambayo sikuwa nimeyasoma tangu nifungue duka. Nilikuwa nimewahi kusikia habari za usugu kwenye mafunzo, kwamba vimelea vikionja dawa kidogo kidogo huizoea, lakini nilikuwa nimeyaweka mambo hayo upande wa malaria na kifua kikuu. Ukungu wa ngozi niliudharau. Siku ile nilifunga duka mapema, jambo ambalo silifanyi hata kukiwa na msiba wa jirani.

Njombe mjini, pembezoni, anaishi mwalimu mstaafu aliyenifundisha kemia sekondari. Nyuma ya nyumba yake amepanda mchaichai kwenye matuta pale ambapo wenzake wamepanda viazi, na bandani ana mtambo alioutengeneza mwenyewe: pipa dogo juu ya moto, mrija wa shaba unaopita kwenye ndoo ya maji ya baridi, na chupa inayopokea matone. Anakamua mafuta ya mchaichai na ya majani ya mikaratusi, yale yanayobaki chini watu wakishakata nguzo. Mtendaji wa mtaa aliwahi kufika hapo na mgambo, akiwa na uhakika kwamba mzee anapika gongo. Waliondoka na chupa ndogo ya mafuta ya kufukuzia mbu, na mpaka leo mwalimu akimwona mgambo huyo humuuliza kama ameshalewa.

Nilimwambia habari za Mama na za dereva. Alinisikiliza, kisha akanipeleka dirishani kulikokuwa na mitungi mitatu ya vioo. Katika kila mtungi mlikuwa na vipande vya kiazi kilichochemshwa, vyote amevigusisha mkate uliovunda. Wa kwanza ulikuwa umejaa manyoya ya kijivu. Wa pili, ambao alining'iniza ndani yake pamba yenye mafuta ya mkaratusi, ulikuwa na manyoya machache. Wa tatu, wenye pamba ya mchaichai, viazi vyake vilikuwa safi kana kwamba vimetoka jikoni muda huohuo. Mguu wangu ulianza kucheza.

Mwalimu aliniambia kwamba wataalamu sehemu nyingi wanajaribu mafuta ya mimea, ya mchaichai, ya karafuu na mengine, dhidi ya fangasi waliokwisha kuzishinda dawa, na kwamba kwenye visahani vya maabara wengi wa fangasi hao hufa. Lakini kisahani ni kisahani, alisema, na hajaona mtu aliyemwambia kwa uhakika kipimo cha mwili wa binadamu. Mimi tayari nilikuwa naitazama chupa. Aliishika mkononi akakataa kuniachia mpaka nimtazame yeye.

"Kuua ukungu kwenye kiazi si kumponya mtu," alisema. "Kiazi hakina ngozi inayoungua, hakina ini, wala hakina aibu."

Niliitikia ndiyo, mwalimu, nikaichukua chupa, na maneno yake sikuyabeba. Nilipitia Kichiwa jioni hiyohiyo, nikamwomba Mama mkono, nikapaka mafuta kama yalivyo, bila kuyachanganya na chochote. Nilimuuliza kama yanauma. Alisema yana joto kidogo tu. Aliomba nimwachie chupa, nami nikamwachia nikamwambia asubuhi na jioni.

Siku ya nne nilikuta mkono una malengelenge. Ngozi ilikuwa imeungua, nyekundu, inatoa maji. Alikuwa amepaka asubuhi na jioni kama nilivyomwagiza, na hakumwambia mtu. Nilipomuuliza kwa nini hakuacha, alisema alidhani dawa inayouma ndiyo inayofanya kazi, halafu mimi nilikuwa nimesafiri toka mbali kwa ajili yake. Hiyo hasira niliyoipata sikujua niipeleke kwa nani. Niliipeleka kwa mwalimu, naye aliirudisha kwangu yote. Alinifokea kama nipo kidato cha pili. Kisha akanionyesha: matone machache kwenye mafuta ya alizeti, ujaribu kwanza sehemu ndogo, usubiri siku nzima. Hilo neno usubiri alilirudia mara tatu, kwa sababu ananijua.

Tulisubiri ngozi ipone. Halafu tukaanza upya. Nilikuwa nachanganya mwenyewe nyumbani Makambako, kwenye meza ya chakula, kila mafuta yakiisha, na mikono yangu, mashati yangu na kiti cha pikipiki vikawa vinanuka mchaichai. Mke wangu alisema anaishi ndani ya birika la chai. Mtoto, ambaye sasa alikuwa anakaa mwenyewe, alijifunza kunyonya kola ya shati langu na kulala nayo mdomoni. Na mkono wa Mama ulianza kusafika. Kingo zilififia, miduara ikavunjika, mwasho ukapungua. Siku niliyoona ngozi ya kiwiko imerudi rangi yake, niliendesha pikipiki kutoka Kichiwa mpaka Makambako nikiimba. Nilijiona nimekishinda kitu ambacho boksi zote za dukani kwangu zilishindwa nacho.

Jumapili iliyofuata niliwapeleka wote wawili Kichiwa, mke na mtoto, na kile kitenge. Mama alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa sare ya kwaya. Mke wangu alipiga magoti akamsalimia, akamwinua mtoto kwake. Mama alirudi nyuma.

Nilipandisha sauti. Naandika hili kwa aibu, kwa sababu sikuwahi kumpandishia mama yangu sauti na sitaki kufanya hivyo tena. Nilimwambia mkono umepona, nimeuona kwa macho yangu, sasa anataka nini zaidi, na kama hamtaki mtoto aseme, tusiendelee kumchosha mke wangu. Mama alivuta ndoo ya viazi akaketi kwenye kigoda akaanza kumenya, kichwa chini. Niliona magoti yake yakisuguana chini ya sketi, polepole, kama mtu anayejikuna asionekane. Niliona na sikuelewa.

Mke wangu alielewa. Alinipa mtoto, akamshika Mama mkono, uleule wa kushoto, akaingia naye chumbani akafunga mlango. Mimi nilizunguka uwanja. Nilihesabu vifaranga, nikakaza kamba ya kuanikia ambayo haikuwa imelegea. Baadaye mke wangu alinieleza kwamba Mama alikataa kabisa kuonyesha chochote, kwa hiyo yeye alipandisha blauzi yake kwanza akamwonyesha kovu la upasuaji aliloachiwa na mtoto, ambalo lilikuwa baya na ambalo hata mimi yeye hunikuta nikilitazama. Alimwambia, mama, langu ni hili. Ndipo Mama akafungua sketi.

Mke wangu alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alikuja karibu akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mkono ndio kipande alichoweza kukuonyesha," alisema. "Kiuno chote, mapaja yote, mpaka chini ya maziwa. Ana mwaka wa pili sasa. Wewe ni mwanawe wa kiume, angekuonyeshaje?"

Alikuwa ameshika kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na tyubu zangu, zote nilizomtumia, zimefutwa, zimefungwa vifuniko vizuri, na kila moja imetumika nusu. Mama alikuwa akipaka, mwasho ukitulia anaacha, anatunza iliyobaki, kama nilivyomwagiza. Baadhi aliwagawia wenzake wa kwaya, nao wakatunza nusu zao. Kwetu hakuna anayekula viazi vyote vya shamba. Hata mwaka wa njaa unachagua vile vidogo unaviweka kando, vya mbegu. Mama aliitunza dawa kwa mkono uleule unaotunza mbegu, na kila mara alipoitunza, ugonjwa nao ulibaki na mbegu yake, umekwisha kuijua dawa. Na mwalimu wake katika hilo nilikuwa mimi.

Mama alipotoka akaketi tena, nilimwomba msamaha palepale, kwenye kigoda. Aliniambia mbona mkono nimeuponya, niache kujisumbua. Hakuwa ananifariji. Aliamini kweli kwamba nimefanya vizuri, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Tulimpeleka hospitali Njombe, kwa daktari wa ngozi, mwanamke, mke wangu akiingia naye na mimi nikibaki kwenye benchi. Walimkwangua ngozi kidogo wakaitazama kwenye hadubini. Kisha niliitwa, kwa sababu daktari alitaka kujua dawa zilizotumika. Niliweka lile kopo juu ya meza. Alizitoa tyubu moja moja, akauliza nani alikuwa anamuuzia mama huyu. Nilisema ni mimi, na sikuwa namuuzia, nilikuwa namtumia. Alisema ile dawa ya kuzima mwasho inawapumbaza watu huku ukungu ukitambaa chini kwa chini, na kwamba anawaona wagonjwa wa namna hii kila siku ya kliniki. Kuhusu mafuta ya mchaichai hakucheka kama nilivyotarajia. Alisema huenda kweli yameusaidia mkono, na anatamani wanaoyachunguza wafike mbali, lakini hayapakwi kwenye sehemu laini za mwili, na kwa sasa Mama ayaache kabisa ili yeye ajue kinachofanya kazi ni kipi. Alimwandikia vidonge vya aina nyingine, vya wiki nyingi, na kumtaka arudi katikati ya dozi kupima ini. Nguo zote zichemshwe, zikaushwe vizuri na kupigwa pasi, za ndani kwanza.

Kwa baridi ya kwetu kukausha nguo ni kazi ya imani. Kuanzia Juni ukungu wa asubuhi unakaa uwanjani mpaka mchana, na Mama alikuwa amezoea kuvaa nguo zenye ubichi zikamalizie kukauka mwilini. Mke wangu alikuwa akishinda Kichiwa kwa wiki tatu na pasi yetu ya mkaa, mtoto akibaki Makambako kwa jirani, mbali na nguo hizo. Mimi nilitaka kusaidia, nikaambiwa na wote wawili kwamba nguo hizo hazinihusu. Nilipewa kazi ya kupasua kuni.

Dukani nilitoa ile krimu kwenye rafu ya mbele. Dereva yule alirudi, kiuno kimezidi, akiwa amebadili mawazo na kuitaka. Nilimwambia siuzi, aende hospitali, na vidonge akipewa avimalize hata mwasho ukiisha. Alisema siku hizi nimejifanya daktari, akavuka barabara akainunua kwenye duka la jirani. Nilimwona akitoka nayo. Jambo hilo linanisumbua mpaka leo, maana sijamwona tena na sijui alikofika.

Siku daktari aliposema ngozi ni safi, Mama amalizie tu vidonge vilivyobaki, binti yangu alikuwa na miezi kumi na anajishikilia kwenye viti. Hakuwahi kubebwa mgongoni hata mara moja. Tulifika Kichiwa mchana, jua limetoka, na nilikuwa nimepanga tumalize haraka nirudi kufungua duka. Mama alikuwa amevaa vizuri. Alichuchumaa uwanjani, kitenge begani, akanyoosha mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza hakurudi nyuma.

Mtoto alipiga ukelele. Alinikumbatia shingo, akaficha uso, akalia kilio cha kumwona mtu asiyemjua. Tulimbembeleza. Mama alimwita kwa jina lao, mtoto akazidi kulia. Mikono ya Mama ilibaki hewani, kisha ikashuka yenyewe. Miezi kumi alikuwa amejizuia ili asimwambukize, na sasa ni mtoto aliyemkataa. Nilianza kusema tutakuja siku nyingine.

Mama aliinuka akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amepandisha mkono wa sweta wa kushoto, na harufu ilinifikia kabla yake. Mchaichai. Ngozi iling'aa mafuta kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Nilifungua mdomo nimkumbushe alivyoambiwa na daktari, mke wangu akanikanyaga mguu.

Mama hakumchukua mtoto. Alisogeza tu mkono karibu na kola ya shati langu, ambayo harufu ya mchaichai haikuwahi kuitoka, akausimamisha hapo. Binti yangu alinyamaza kwa kwikwi. Alinusa kola, akageuka akanusa mkono, akarudi kwenye kola. Kisha akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili akaweka shavu juu yake.

"Anaijua harufu hii kuliko anavyonijua mimi," Mama alisema. "Nilimwekea kidogo."

Alimfunga mgongoni kwa kitenge, akakikaza kifuani, akaanza kuzunguka nyumba. Desturi ni mzunguko mmoja. Alipita mbele yetu mara ya kwanza, mtoto ana macho makavu. Akapita mara ya pili, shavu la mtoto limelala mgongoni kwake. Mara ya tatu mtoto alikuwa amelala. Mimi nilikuwa nimesimama na ufunguo wa pikipiki mkononi, nikiugongesha pajani, nikifikiria duka. Mara ya nne Mama alipunguza mwendo akanitazama.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Sijamaliza."

Nikavuta kigoda nikakaa.